Pikapu ya Marehemu Baba: Itembee Kwanza

Swali: Marehemu baba alituachia pikapu, Chevrolet C10 ya mwaka 1966, injini ya silinda sita, gia za mkono. Haijawashwa kwa miaka 18. Kaka yangu anataka kuitia V8 (injini ya silinda nane), kuishusha chini na kuifunga magurudumu mapana. Mama anataka irudi kama baba alivyokuwa akiiendesha. Binti yangu ana miaka 15, mwanangu wa kiume ana 11, na wote wawili wanataka kushika spana. Mimi mwenyewe najua kubadilisha oili na tairi, basi. Tuanzie wapi, na nimsikilize nani?

Jibu: Pole kwa kuondokewa na mzazi, ndugu yangu. Nimeyasoma maneno yako mara mbili, maana umefunga maswali mawili pamoja: moja la ufundi na moja la nyumbani. Naanza na la ufundi. Likienda vizuri, la nyumbani nalo hupungua makali.

Jambo ninalokuomba ulishike kuliko yote ni hili: msilivue gari lote. Najua hamu itakavyowashika. Siku ya kwanza kila mtu ana spana mkononi, bampa linatoka, madigadi yanatoka, milango inatoka, na jioni sakafu imejaa vipande na nyote mmechoka kwa furaha. Lakini kufungua ndiyo kazi nyepesi. Mimi na ndugu zangu tuliivua pikapu yetu ya kwanza kwa wikiendi mbili, bolti zote tukazitia kwenye ndoo moja. Miaka minne baadaye hakuna aliyekumbuka kipi kilitoka wapi, wawili kati yetu walikuwa wameshahama, na gari likauzwa vipandevipande. Hadi leo bado linaniuma. Tangu hapo nimeona magari mengi yakifa kifo hicho hicho, na karibu yote yalikuwa na afya zaidi siku ya kuvuliwa kuliko siku ya kuuzwa.

Kwa hiyo shabaha yenu ya kwanza iwe moja: pikapu itembee mita 20 kwa nguvu zake yenyewe na isimame pale mnapotaka isimame, ikiwa na kutu yake na vumbi lake. Baada ya hapo mtaitengeneza mfumo mmoja mmoja. Mkimaliza mmoja ndipo mfungue mwingine, ili kila baada ya majuma machache watu waweze kuipanda. Mtoto wa miaka 11 hawezi kusubiri miaka mitatu ndipo aone matunda ya mikono yake. Hata mtu mzima hawezi.

Kabla ya kugusa injini, mkague chasi. Chukua kurunzi, bisibisi kuukuu, nyundo ndogo na sumaku iliyofungwa kitambaa. Kwenye C10 za miaka hiyo kutu hupenda kona za chini za kabini nyuma ya milango, vizingiti vya milango, sakafu pale miguu inapokaa, na mfereji wa maji juu ya kioo cha mbele. Sumaku isiponata, jua hapo kuna puti, ile lipu ya kujazia bati, iliyofunika tundu. Hayo yote yanaweza kusubiri. Yasiyoweza kusubiri ni mahali kabini inapokalia chasi, mabano ya springi, na mikono mirefu inayoshikilia ekseli ya nyuma, kwa sababu nyingi za C10 za wakati huo zina springi za mviringo nyuma pia, siyo za majani. Choma kwa bisibisi kwa nguvu. Ikizama popote kati ya hapo, tafuteni mchomeleaji anayeijua kazi ya chasi kabla hamjatumia hata siku moja kwenye injini.

Sasa breki. Watu wengi hukimbilia kuwasha injini kwanza, nami naelewa kwa nini. Sauti ya injini iliyolala miaka 18 ikiamka haina mfano. Ila gari linalowaka bila breki ni hatari iliyo mlangoni kwako, hasa palipo na watoto. Pikapu yenu ina breki za dramu kwenye magurudumu yote manne, na kama hakuna aliyeibadilisha, ina masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedeli) ya chumba kimoja. Maana yake ni kwamba mpira mmoja wa mafuta ya breki ukipasuka kwenye gurudumu moja, pedeli inazama hadi sakafuni na hamna breki hata kidogo. Chevrolet walianza kufunga masta silinda ya vyumba viwili kwenye pikapu hizi mwaka 1967, mwaka mmoja tu baada ya gari lenu. Hapa sitaki mjadala wa uasilia: wekeni ya vyumba viwili. Mama hataiona, na itawalinda wote.

Badilisheni kila kilicho cha mpira: wili silinda nne (zile ndogo zinazosukuma shuu za breki kila gurudumu), mipira ya breki miwili ya mbele na mmoja wa nyuma. Mabomba ya chuma yakiwa na magamba ya kutu, nayo yatoke. Mnapofungua dramu, msipulize vumbi kwa hewa wala msifagie likiwa kavu. Shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Lilowesheni kwa maji yenye sabuni, lifuteni kwa matambara, matambara yafungwe ndani ya mfuko na kutupwa. Kazi hiyo ifanywe na mtu mzima aliyevaa barakoa ya chujio, watoto wakiwa mbali.

Kutoa hewa kwenye breki, hapo ndipo mwanao wa kiume anapoingia. Yeye akae kwenye usukani, awe mtu wa pedeli. Wewe uko chini kwenye gurudumu. Unasema "kanyaga", anakanyaga na kushikilia. Unalegeza skrubu, mafuta yenye mapovu yanatoka, unakaza, unasema "achia". Anzeni na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, yaani la nyuma upande wa abiria, mmalizie na lililo karibu. Tumieni mafuta ya DOT 3 au DOT 4. DOT 5 ni ya silikoni na haichanganyiki na hizo mbili, kwa hiyo isiingie kabisa. Mkimaliza, akanyage kwa nguvu ashikilie dakika nzima. Pedeli ikishuka hata kidogo, kuna mahali panavuja. Mtoto aliyefanya kazi hii hatasahau kwamba gari lilisimama kwa mguu wake.

Nisisitize pia kuhusu jeki. Jeki ni ya kuinulia tu, kushikilia ni kazi ya stendi. Gari likiwa juu, stendi ziwe chini ya chasi, sakafu iwe ngumu na tambarare, magurudumu yaliyobaki chini yazuiwe kwa vigingi. Mtu yeyote asiingie chini mpaka wewe umelisukuma gari kwa bega na halijatikisika. Springi za mbele zikifika zamu ya kufunguliwa, mwite fundi. Zimebanwa kwa nguvu inayoweza kuua.

Injini. Msigeuze ufunguo, na wala msiunge betri. Toeni plagi zote sita, mziweke kwa mpangilio zilivyotoka, kwa sababu sura ya plagi inaeleza hali ya silinda yake. Mwageni vijiko viwili vitatu vya mafuta ya kulegeza kutu ndani ya kila silinda, mwache siku mbili au tatu. Wakati mnasubiri, badilisheni oili na filta, mfungue kifuniko cha juu cha valvu na kumwagia oili pale juu. Kisha zungusheni injini kwa mkono. Wengi hukwama hapa: injini nyingi za silinda sita za Chevrolet za wakati huo hazina bolti mbele ya krenki ya kushikia spana. Fungueni kifuniko kilicho chini ya nyumba ya klachi, mtumie bisibisi pana kusukuma meno ya flaiwili taratibu. Au, kwa kuwa gari lenu ni la gia za mkono, wekeni gia ya juu kabisa mlisukume mbele na nyuma kidogo kidogo. Ikigoma, ongezeni mafuta na subira. Nimewahi kungoja siku 9. Anayelazimisha kwa mtaimbo mrefu huvunja ringi za pistoni, na hapo injini iliyohitaji subira inageuka kuwa injini ya kufunguliwa yote.

Ikizunguka, mtu mmoja aangalie roka za valvu: zote 12 zipande na kushuka. Moja ikibaki chini, valvu imekwama, na kuizungusha zaidi kutapinda fimbo inayoisukuma. Mkiona zote ziko sawa, ungeni betri, msukume starta bila plagi kwa sekunde kumi kumi mpaka geji ya oili ionyeshe presha. Pimeni na mgandamizo wa silinda. Kinachotazamwa zaidi ni tofauti kati yao kuliko namba yenyewe. Ya chini isipungue asilimia 75 ya ile ya juu. Injini iliyolala inaweza kuanza na namba mbaya kisha ringi zikalegea na kupanda baada ya saa chache za kazi. Kwa hiyo msikate tamaa mapema.

Petroli iliyomo kwenye tanki imeshageuka gundi. Harufu yake itawaambia. Kwenye pikapu hii tanki liko ndani ya kabini, nyuma ya kiti chenu. Chevrolet hawakulitoa humo mpaka muundo wa mwaka 1973. Litengeni na mfumo kabisa, mwashe injini kwa petroli safi kutoka kidumu kidogo kilichofungwa vizuri mbali na joto, na kizima moto kiwe mkononi mwa mtu asiye na kazi nyingine. Mipira yote ya petroli ibadilishwe kwa ile inayostahimili ethanoli, kwani mpira wa zamani huyeyuka nayo. Baadaye, kama kuna jambo moja ambalo ningelibadilisha hata kama familia nzima inataka uasilia, ni hilo tanki: lihamishieni chini ya karai la nyuma, yaani sehemu ya kupakia mizigo, kati ya reli za chasi.

Hapa nimpe binti yako kazi yake. Kabureta, inayochanganya petroli na hewa, ni ya koo moja kwenye injini hii, nyepesi kuelewa kuliko zote, na distribyuta, inayogawa moto kwa plagi, ni ya platini (vidude viwili vinavyogusana na kuachana). Mwachie hizo mbili ziwe zake. Aifungue kabureta mezani juu ya kitambaa cheupe, apige picha kila hatua, asafishe matundu, abadilishe gasketi na kupima kimo cha boya. Platini aisafishe na kuipima kwa jani la geji: karibu nusu milimita ikiwa mpya, 0.4 ikiwa imetumika. Mpangilio wa moto wa injini hiyo ni 1-5-3-6-2-4. Auandike ukutani kwa chaki, awe yeye wa kuunga nyaya. Usimsimamie begani. Ukiona amekosea waya mmoja, mwache ajaribu kuwasha, asikie injini inavyopiga chafya, atafute mwenyewe. Mtoto akiachiwa kosa lake alirekebishe, kazi inakuwa yake. Ukilirekebisha wewe, amekuwa msaidizi wako tu.

Mwanao naye, baada ya pedeli, mpe pipa la kuondolea kutu. Ni pipa la plastiki lenye maji na sodiamu kaboneti, kijiko kikubwa kimoja kwa kila lita nne hivi. Kipande chenye kutu kinaning'inizwa katikati na kuungwa upande hasi wa chaja ya betri, vyuma chakavu vya kawaida vinazunguka pembeni vikiungwa upande chanya. Asubuhi kutu imelegea na inafutika kwa brashi. Lifanyike nje, kwa sababu linatoa gesi ya hidrojeni, chaja izimwe kabla ya mkono kuingia majini, na vyuma vya pembeni visiwe vile visivyoshika kutu, maana hivyo hutoa sumu ya kromiamu. Uwepo wewe wakati wa kuunga nyaya na kuzichomoa. Mabano, bawaba, vitasa, vyote vipite humo. Sijaona mtoto asiyependa pipa hilo.

Na bolti? Mfuko mmoja kwa kila kipande, jina juu yake, picha kabla ya kufungua. Basi.

Sasa la nyumbani. Kanuni ninayoitumia mimi ni hii: kinachofungwa kwa bolti kinaruhusiwa, kinachohitaji msumeno kinasubiri. Kila kipande cha baba kinachotoka kinapakwa oili, kinafungwa, kinahifadhiwa. Ukiiweka hiyo mezani mapema, utashangaa kaka na mama walivyo karibu kuliko wanavyodhani.

V8 ya kaka siyo dhambi dhidi ya gari hili. Mwaka 1966 kiwanda chenyewe kiliiuza C10 ikiwa na V8 za inchi za ujazo 283 na 327, kwa hiyo nafasi ipo na chasi inaijua. Lakini mwambie kwa heshima kwamba kuna mpangilio: breki, usukani, rejeta, ndipo nguvu. Mkishaiendesha ile sita mwaka mmoja, mkaijua inavyovuta taratibu na kwa uhakika, huenda yeye mwenyewe akabadili nia. Asipobadili, injini ya baba ikae kwenye kasha, siyo kwenye lori la vyuma chakavu. Kushusha gari kwa springi fupi na magurudumu mapana ni kazi ya bolti, inarudishika, mpe. Kukata chasi nyuma ili ekseli ipande juu zaidi, hapana, siyo sasa.

Akitaka breki za diski mbele, nitamuunga mkono kwa mikono miwili, ila ajue mtego mmoja. Diski zilikuja kuwa za kawaida kwenye pikapu hizi mwaka 1971, na mwaka huo huo gurudumu la pikapu za nusu tani, daraja la C10, likatoka stadi (bolti za kufungia gurudumu) sita kuja tano. Vipande vya 1971 na 1972 vinaweza kufungwa kwenye gari lenu, lakini mtabaki na mbele tano na nyuma sita, na tairi la akiba litafaa upande mmoja tu. Tafuteni seti ya diski zenye stadi sita, au mbadilishe na nyuma pia kabla ya kununua magurudumu. Mikanda ya bega ni lazima, nayo ifungwe kwenye bati lililoongezewa kipande kinene nyuma yake, siyo tundu tupu kwenye kabini yenye kutu.

Anachokitaka mama, nadhani, ni kitu kingine kabisa, na hakigongani na haya. Muulize. Usimuulize kuhusu "uasilia". Muulize anakumbuka nini. Wake wengi niliowahi kuwatengenezea magari ya waume zao hawakutaja injini. Walitaja mlio wa mlango unapofungwa, kitasa cha gia kilichochakaa upande mmoja, mahali pa kuwekea miwani, mkwaruzo fulani wenye kisa chake. Vitu hivyo viandikwe kwenye orodha ambayo hakuna mwenye ruhusa ya kuigusa. Rangi nayo awe yeye wa kuamua. Rangi ya kiwandani mtaikuta haijaona jua nyuma ya kiti na chini ya dashibodi. Mbao za sakafu ya karai nimuombee pia zibaki za mbao. Ndivyo gari hili lilivyotengenezwa, mbao zikibanwa kwa ukanda wa chuma, na kuzikata na kuzipaka mafuta ni kazi ambayo watu wanne wanaweza kuifanya pamoja bila hatari yoyote.

Rangi ya zamani yenyewe, muiogope. Za miaka ile zilikuwa na madini ya risasi, na vumbi lake huharibu ubongo wa mtoto. Msasa mkavu marufuku. Pigeni msasa wa maji, mtu mzima awe na barakoa, nguo zifuliwe peke yake, watoto wasiwepo. Palipofika bati tupu, weka praima ya epoksi upesi kabla kutu haijarudi, na puti ipakwe juu ya praima hiyo badala ya kwenye bati lenyewe. Hatua ya mwisho ya kupuliza rangi ya vijenzi viwili mpeni mwenye chumba na barakoa ya kuletewa hewa safi kwa bomba. Ile rangi ina isosayaneti, ambayo huweza kumwachia mtu pumu ya maisha, na barakoa ya kawaida haitoshi. Kazi yenu iliyobaki, ya kunyoosha bati na kusawazisha, ndiyo inayoamua ubora wa rangi kuliko upulizaji.

Kuna wasiwasi wa mwisho ambao mtauliza baadaye, basi niujibu sasa. Injini hii iliundwa wakati petroli ilikuwa na risasi, ambayo ililinda viti vya valvu, yaani mahali valvu zinapokalia zikifunga. Petroli hiyo haipo tena kwa magari. Nchi ya mwisho kuiuza, Algeria, iliacha mwaka 2021. Kwa mwendo wa taratibu na mizigo myepesi msihangaike. Siku kichwa cha silinda kitakapofunguliwa kwa sababu nyingine yoyote, ndipo mfunge viti vigumu. Oili nayo iwe yenye zinki ya kutosha, ile iliyoandikwa kuwa ya injini za zamani, kwa sababu kamshafti ya namna hii husuguana moja kwa moja na tapeti, vipande vinavyosukuma fimbo za valvu.

Kabla ya yote hayo, jumamosi hii msifungue kitu. Liosheni gari, mpige picha pande zote na chini, kisha umkalishe mama kwenye kiti cha abiria na binti yako akae kwenye usukani na daftari. Aandike kila anachoambiwa. Ukurasa huo ndio orodha niliyokutajia, na mtauhitaji kabla ya bolti ya kwanza kulegea.